Popo wa Njiru na Habari ya Mianzi ya Pua

Kwa Kiswahili, tundu la pua huitwa mwanzi wa pua. Kwa wanyama wengi jina hilo ni la kuazima tu, maana tundu ni tundu. Lakini wapo wachache ambao linawafaa kabisa: pua zao zimechomoza nje kama vipande viwili vya mrija.

Popo wa namna hiyo wanaishi Asia, Papua New Guinea na kaskazini-mashariki mwa Australia. Kenya hawapo. Wenye mirija walio karibu nasi ni ndege wa bahari kuu wanaopita nje ya pwani ya Kenya, ukoo mmoja na albatrosi. Mirija yao iko juu ya mdomo. Ndege hawa hunywa maji ya bahari bila kudhurika, kwa sababu tezi zilizo juu ya macho huondoa chumvi kwenye damu, na majimaji ya chumvi hutokea puani yakadondoka kwenye ncha ya mdomo. Pia hunusa chakula kutoka mbali sana, jambo ambalo ndege wengi hawaliwezi.

Popo wanaoonekana mitaani Nairobi wana pua za kawaida zaidi, ila pua na sura humsaidia mkazi kujua ni mgeni gani aliye naye. Wa kwanza ni popo mdogo wa darini, mwenye midomo yenye makunyanzi na mkia unaochomoza kama wa panya. Huyu hupiga sauti kwa mdomo, akasikiliza mwangwi ili amnase mdudu gizani. (Popo wa mapango ya Shimoni na Fikirini, Kwale, wenye ngozi kama jani puani, wapo wanaopiga sauti hiyo kwa pua.) Wa pili ni popo wa matunda, mwenye uso mrefu kama wa mbwa na macho makubwa. Huyu hufuata mapera, maembe na tini za mkuyu kwa kunusa na kuona. Dume ana manyoya meupe mabegani na usiku huita kwa mlio mmoja mmoja kama wa kengele. Wengi hudhani ni ndege au chura.

Hofu ya Marburg husikika kila popo wanapotajwa. Nchini Kenya, aliyeugua kwanza mwaka 1980 na yule wa mwaka 1987 walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, na popo anayehusishwa na virusi hivyo ni popo wa matunda anayekaa mapangoni. Si yule mdogo wa chini ya mabati.

Linalohitaji uangalifu nyumbani ni kuumwa. Kichaa cha mbwa nchini Kenya huwafikia watu karibu kila mara kupitia mbwa, lakini popo pia anaweza kubeba virusi vya jamii hiyo, na meno yake ni madogo kiasi kwamba alama huenda isionekane. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Bomba likikauka, maji ya mtungi yanafaa, mradi yamiminwe. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo aulizie chanjo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Mtoto aliyelala chumba kimoja na popo apelekwe hata kama hana jeraha. Popo aliyeanguka chini asiokotwe kwa mkono mtupu, na watoto wasimchezee.

Kinyesi darini kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu. Kinyunyiziwe maji kwanza, na anayekiondoa avae barakoa na glavu.

Anayetaka kuwaondoa popo asiwapulizie dawa ya wadudu. Watafia darini, na harufu itabaki na mwenye nyumba. Atazame magharibi ni mwanya upi wanatokea, aning'inize hapo wavu au kitambaa kilichofungwa juu tu, ili watoke wasiweze kurudi. Baada ya siku kadhaa bila popo kutoka, fundi azibe. Kazi hiyo ingoje ikiwa dari lina vitoto visivyoweza kuruka, kwani popo wengi huzaa kitoto kimoja kwa uzazi, na mama aliyefungiwa nje atahangaika kutafuta tundu lingine, pengine kupitia dirisha la chumba cha kulala.