Daftari la Muuza Omena: Mafunzo Niliyopata Kati ya Port Victoria na Busia

Nanunua omena ufuoni Port Victoria na kuiuza Busia, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Wakufunzi wa biashara wakija kwetu huleta fomu ya safu tatu: mauzo, gharama, faida. Fomu hiyo haina pa kuandikia mambo yanayoendesha pesa huku: deni la shemeji, mchango wa matanga, zaka, hata mwezi ulioko angani. Mimi ni Mwislamu na majirani zangu wengi ni Wakristo, lakini dini na ukoo ndivyo vilivyonifundisha daftari langu liwe na safu zipi.

1. Deni litajwe kwa sauti, kisha liandikwe pande zote mbili

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, muda utajwe, mashahidi wawepo. Biashara ya mkono kwa mkono imeruhusiwa bila maandishi, ila ufuoni karibu kila kitu ni mali kauli. Mwenye mtumbwi anakupa omena asubuhi, unamlipa ukitoka sokoni. Sasa mwambie shemeji yako atie sahihi, uone atakavyonuna. Kwake ni sawa na kuitwa mwizi.

Njia iliyotufaa ni kila mtu kuwa na daftari lake, na deni kutajwa mbele ya mtu wa tatu, mara nyingi mama anayepima. "Shemeji, ni madebe manne, tunalipana Ijumaa." "Ni manne, Ijumaa." Anaandika yeye, naandika mimi, mama amesikia. Heshima imebaki na ushahidi umepatikana.

2. Tarehe ya kulipa ifuate giza

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Kumpangia mvuvi alipe siku ambayo ziwa halimpi kitu ni kutafuta ugomvi. Aya ya 280 ya sura ile ile inaamuru mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate nafuu, na huku kwetu nafuu hurudi na giza. Kwa hiyo daftari langu halina safu ya faini. Lina safu ya "muda mpya". Bei tuliyokubaliana kabla ya kuachana haipandi kwa sababu mtu amechelewa, maana nyongeza hiyo ni riba.

Lakini subira ina gharama, na mwenye huruma ndiye anayepaswa kuijua zaidi. Pesa iliyolala kwa watu hainunui omena. Najumlisha madeni yote kila wiki, na yakikaribia nusu ya mtaji sikopeshi tena, hata kwa ndugu. Mkopo wa simu unaotozwa ada kwa siku siugusi. Ada yake hupanda hata mitumbwi ikiwa imelala.

Miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, ambayo kwa kawaida ni Aprili hadi Julai, nayo lazima iwe na ukurasa wake.

3. Kiganja cha juu kina bei

Tunauza kwa gorogoro, kopo letu la kupimia, na mteja hutarajia kuongezewa kiganja. Sura Al-Mutaffifin inawaonya vikali wanaopunja vipimo, kwa hiyo kopo lililobonyezwa ndani halina nafasi mezani pangu. Kiganja nacho ni bidhaa: kihesabiwe kabla ya kupanga bei ya gorogoro, la sivyo jioni utashangaa gunia limekwisha na pesa hazikutimia.

4. Zaka hukulazimisha kuhesabu stoki

Mara moja kwa mwaka wa Hijria naketi na kuhesabu: bidhaa kwa bei ya soko la siku hiyo, pesa za mkononi na za simu, madeni ninayotarajia kulipwa. Natoa ninayodaiwa. Mizani na meza havihesabiwi. Kinachobaki kikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, asilimia 2.5 inatoka. Wauza omena wengi hawafiki huko, lakini kazi ya kuhesabu inawafaa wote, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo wengine hujua mtaji wao ni kiasi gani.

Serikali huuliza swali jingine. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo kuwa asilimia 3 kwa anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, awe amepata faida au hasara. Zaka hutazama kilichobaki, kodi hii hutazama kilichouzwa. Ukiwa na rekodi ya mauzo ya kila siku na hesabu ya stoki, utawajibu wote wawili.

Mchango wa matanga hauingii katika gharama za biashara. Nauandika katika ukurasa wa nyumbani, na unatoka katika faida.

5. Shilingi za Uganda zikae ukurasa wake

Deni la shilingi za Uganda hulipwa kwa shilingi za Uganda, na kubadilisha sarafu ni papo kwa papo.

6. Daftari litasomwa usipokuwepo

Katika Uislamu madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Kwa majirani zangu Waluhya nako, wazee huketi baada ya mazishi kusikiliza nani anadai na nani anadaiwa. Nilihudhuria kikao cha mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki. Wanaume watatu walisema wanamdai. Wawili walikuwemo katika daftari lake. Wa tatu hakuwemo, na wazee wakamtaka alete shahidi. Wanaodai walijitokeza wenyewe. Waliodaiwa walingoja mpaka majina yao yakasomwa, na bila daftari lile watoto wake wasingejua mtaji wa mama yao umelala kwa nani.

Kurasa zangu mbili za mwisho sasa zina orodha mbili, ya wanaonidai na ya ninaowadai, na kila Ijumaa binti yangu mkubwa hunisomea majina na kiasi. Asipoweza kusoma mwandiko wangu, naandika upya.