Dishi Ni Lako, Ukuta Si Wako

Msomaji mmoja wa Vigwaza, aliyekuwa amepanga vyumba viwili si mbali na mizani, ameniletea barua ya malalamiko. Alipohamia alimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufunga dishi, akajibiwa: "Funga tu, hapa ni kwako." Akalifunga ukutani. Siku ya kuhama fundi hakupatikana, basi akakabidhi ufunguo na kuahidi kurudi kulichukua. Aliporudi, mpangaji mpya alikuwa anatazama mpira kwa dishi lake, na mwenye nyumba akamwambia kwamba kilichogongwa ukutani ni cha nyumba. Anauliza kama sheria ndivyo inavyosema.

Sheria haisemi hivyo. Ila ndugu yangu huyu amempa mwenye nyumba hoja ambayo asingekuwa nayo kama ufunguo ungebaki mfukoni siku mbili zaidi.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inahesabu majengo na vitu vilivyoshikizwa kwenye ardhi moja kwa moja kuwa sehemu ya ardhi. Hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapoishia kusoma, au wanapoishia kusimuliwa. Kipi kimeshikizwa moja kwa moja na kipi kimeegeshwa tu, mahakama zetu huamua kwa kanuni tulizozirithi kwa Waingereza, zile zilizoingizwa nchini kwa kikomo cha tarehe 22 Julai 1920. Kanuni hizo zina maswali mawili. Kitu kimeshikana na jengo kiasi gani, yaani kinatoka bila kubomoa? Na kiliwekwa kwa nia gani, kuiboresha nyumba au kukitumia chenyewe? Dishi limeshikwa na bolti nne, linafunguliwa kwa spana, na halikufungwa ili nyumba ipendeze bali ili mpangaji aone taarifa ya habari. Kwa maswali yote mawili, mpangaji yuko mbele.

Tena hata kitu kilichohesabika kuwa kimeungana na nyumba, mpangaji ana haki ya kukiondoa kama alikiweka kwa matumizi yake ya nyumbani, mradi azibe matundu na arudishe ukuta ulivyokuwa. Mtego ni muda. Haki hiyo ni ya wakati wa upangaji. Ukishakabidhi ufunguo na kuondoka, mwenye nyumba anaweza kudai kwamba umemwachia. Ndiyo maana nasema msomaji wetu bado ana kesi, lakini sasa itabidi abishane kuhusu bolti na nia mbele ya watu wasiomjua, kwa kitu ambacho angekifungua kwa dakika kumi.

Kumbe ugomvi huu ungeweza kumalizwa siku ile ile ya kuchagua mahali pa kulifunga. Fundi anatafuta mawimbi tu, hajali mengine. Setilaiti inayorusha Azam imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 7 mashariki, na sisi wa Pwani tuko kwenye nyuzi 38 na ushei. Kwa hiyo dishi la Azam hapa Vigwaza lazima litazame machweo, likiwa limeinuka kupita kidogo nusu ya anga. La DStv, ambalo setilaiti yake iko nyuzi 36, linatazama karibu utosini. Kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, upande wa machweo unaweza kuwa dirisha la mpangaji mwenzako au chumba cha kulala cha mwenye nyumba mwenyewe. Fundi anatoboa, analipwa, anapanda bodaboda. Wewe unabaki na jirani aliyenuna.

Ushauri wangu kwa mpangaji ni huu: kama uwanja unaruhusu, usitoboe kabisa. Lisimamishe dishi kwenye bomba lililozamishwa ndani ya tairi lililojazwa zege, au kwenye stendi iliyolemewa na matofali. Kitu kinachokaa chini kwa uzito wake tu, kanuni ile ile ya Kiingereza inakichukulia kuwa ni cha aliyekileta mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha unamhamia mwenye nyumba. Paa ndilo liwe chaguo la mwisho: bati likitobolewa na mvua za masika zikapita, uharibifu huo ni wako kulipa, maana mpangaji anatakiwa kurudisha nyumba kama alivyoipokea, ukiacha uchakavu wa kawaida. Nguzo ya TANESCO usiiguse. Na bomba lisichimbiwe mbele ya nyumba upande wa barabara kuu kabla hujapima: tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kilichochimbiwa humo baada ya sheria hiyo huna wa kumdai siku kikisukumwa na greda.

Halafu andika. Mstari mmoja kwenye mkataba unatosha: mpangaji ameruhusiwa kufunga dishi mahali fulani, dishi ni mali yake, ataliondoa anapohama na atarekebisha ukuta. Mwenye nyumba anayekuambia "funga tu" kwa bashasha na kununa ukimletea kalamu, ameshakujibu.

Barua nyingine nilizonazo ni za watu walioombwa pesa ya "kibali cha dishi" na viongozi wa kitongoji. Jamani! Dishi la kupokea matangazo nyumbani halihitaji baraka za mwenyekiti. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Anayekutoza mwambie akuonyeshe sheria ndogo ya halmashauri na akupe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Akianza kugugumia, namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure. Dishi la intaneti ni habari nyingine, kwa kuwa lenyewe linarusha mawimbi pia, na kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA ni kosa. Wauzaji wa magendo hawakwambii hilo.

Kuna pia aliyeuliza kama anaweza kumlazimisha jirani akate mwembe unaoziba dishi lake. Hawezi. Mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwakatalia wakazi wa mashariki mwa London waliodai kwamba jengo refu la Canary Wharf limewaharibia picha za televisheni: mtu anajenga kwake, na kukukinga mawimbi peke yake si kero ya kisheria. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini huwa zinaitazama. Matawi yaliyovuka mpaka unaweza kuyakata yaishie mpakani, bila kuingia kwake. Maembe mrudishie.

Nirudi kwa wapangaji, maana hapa ndipo sheria yenyewe inaponiudhi. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984. Ilikuwa na kasoro zake, lakini ilimjua mpangaji wa chumba. Mwaka 2005 ikafutwa, na wapangaji wakatupwa kwenye Sheria ya Ardhi, ambayo inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu na notisi isiyopungua kipindi cha upangaji wake, lakini imeandikwa kana kwamba kila mpangaji ana wakili na mkataba wa kurasa ishirini. Hakuna kifungu kinachomwambia mama wa chumba kimoja kwamba dishi, feni ya dari na tanki la maji alivyonunua mwenyewe anaondoka navyo. Inatulazimu kwenda kuchimbua kanuni za makabaila wa Uingereza. Kisha mwaka 2021 Baraza la Kata likanyang'anywa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na nyumba, likabakiziwa kusuluhisha tu. Ugomvi wa dishi ukishindikana hapo, mtu anatakiwa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nauli na siku za kazi zitakula thamani ya dishi kabla shauri halijatajwa, na wenye nyumba wajanja wanalijua hilo vizuri kuliko wabunge.

Kwa hiyo msomaji wangu, anza na barua. Mwandikie mwenye nyumba ukitaka dishi au thamani yake ndani ya siku saba, na ubaki na nakala iliyosainiwa na shahidi. Ambatanisha risiti ya dishi na ya fundi. Akikaidi, nenda Baraza la Kata. Lisipowapatanisha ndani ya siku 30, una ruhusa ya kwenda wilayani. Usikubali kutoa pesa ya kuandikiwa maombi kabla hujamtafuta msaidizi wa kisheria. Hao wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.

Na wewe unayehama mwisho wa mwezi huu, tafuta fundi leo. Ufunguo ukabidhi dishi likiwa tayari juu ya kirikuu.