Haramu, au Sijazoea? Darsa Niliyoipata Tororo



Ndugu zangu, kila mwaka tunapokea wenzetu wapya kutoka Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja wanaokuja kusoma upande huu wa Uganda. Swali lao la kwanza huwa: "Huku mnakula nini?" Nami nililiuliza. Jibu nililipata, lakini baada ya kumkosea mtoto mdogo na kuiingiza familia njema katika deni. Naandika yaliyonipata ili mwenzangu asiyarudie.

Kisa chenyewe

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Tororo, mahali ambapo lile jabali kubwa linaonekana ukitoka tu mlangoni. Nilitaka kupanga chumba mjini, lakini familia moja ya Waislamu wa Kiteso ikakataa, ikasema mgeni halali peke yake. Baba wa nyumba anasomesha madrasa. Wako yeye, mkewe, mama yake mzee na watoto wanne.

Jioni ya kwanza ililetwa atapa, yaani ugali wa ulezi uliochanganywa na unga wa muhogo, pamoja na majani ya kunde yaliyopikwa kwa karanga za kusaga. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimelelewa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikata tonge moja, nikalitafuna, nikahisi chembechembe kwenye meno. Nikasema tumbo halijatulia kwa sababu ya safari. Kesho yake mama akapika wali, nikala nikamaliza. Tangu siku hiyo nikawa napikiwa wali kila jioni, wala sikuuliza unatoka wapi.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Machi, na mvua nazo zikaanza. Usiku mmoja baada ya tarawehe kumbikumbi walitoka kwa wingi. Watoto wakaweka beseni la maji chini ya taa, wakawakusanya kwa vifijo. Kesho yake walikaangwa kwa chumvi, na wakati wa kufuturu binti mdogo wa nyumba, wa miaka kama saba, akaniletea sahani yangu kwa mikono miwili. Nikairudisha nikasema, "Hii ni haramu."

Mtoto akaitazama sahani, kisha akamtazama bibi yake, ambaye alikuwa bado anatafuna. Akauliza, "Kwa hiyo bibi amefuturu kwa haramu?"

Hakuna aliyejibu. Baada ya Isha baba yake alinivuta kando, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ile haramu umeitoa kitabuni au ulimini?"

Dalili

Swali lile lilinikosesha usingizi. Katika Surat An-Nahl, aya ya 116, Mwenyezi Mungu anatukataza tusiachie ndimi zetu zitamke kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu kwa kumzulia Yeye uongo. Aya nilikuwa naijua tangu chuoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuivunja akiwa amekaa mkekani anafuturu.

Kisha nikarudi kwenye hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Khalid bin Walid (r.a.) aliingia pamoja na Mtume (s.a.w.) nyumbani kwa Bibi Maymuna (r.a.), ambaye ni mama mdogo wa Khalid. Ikaletwa nyama ya dhabbu, mjusi wa jangwani, imechomwa. Mtume alinyoosha mkono. Alipoambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid akauliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na kwa hiyo nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume anamtazama.

Tuitazame vizuri hadithi hii, kwa sababu ndani yake mna adabu yote ya mgeni. Kwanza, Mtume hakula, na hapana aliyemlazimisha. Kutopenda chakula si dhambi. Pili, alitaja sababu ya kweli: hakukizoea. Hakuifanya nafsi yake kuwa sheria. Tatu, hakumkataza Khalid wala hakukunja uso akila. Na katika hadithi nyingine sahihi, Abu Hurayra (r.a.) anaeleza kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikitamani hula, asipokitaka hukiacha.

Je, kumbikumbi? Nilipouliza, nilikuta wanazuoni wamehitilafiana. Wanazuoni wa Shafi, ambao sisi wa pwani tunawafuata, hawaruhusu wadudu isipokuwa nzige, ambao hadithi imewataja. Wa madhehebu ya Malik wanaruhusu kwa masharti yao. Mtu angeweza kusema basi nilikuwa na haki. Lakini niliposema haramu sikuwa nimesoma hayo. Nilichukizwa na kile kilichokuwa sahanini, nikaitafutia karaha yangu kanzu ya dini. Hata ningekuwa na elimu, ilinitosha kusema, "Ahsante mwanangu, mimi sili hivi." Nisingemhukumu bibi mzee mbele ya mjukuu wake katika jambo lenye hitilafu.

Daftari la dukani

Siku chache baadaye nilikwenda duka la jirani kununua sabuni. Mwenye duka alikuwa amefungua daftari la madeni, na nikaliona jina la mwenyeji wangu. Chini yake kulikuwa na mistari mingi, karibu yote inafanana: mchele kilo moja, mchele kilo moja. Ulezi walikuwa nao nyumbani, wameulima wenyewe. Majani ya kunde yalikuwa nyuma ya jiko. Nyumba ile haikuwa na deni la chakula kabla sijafika.

Mchele si kitu adimu huko. Butaleja, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo, ina mashamba makubwa ya mpunga ya Doho. Lakini kupatikana ni jambo moja, na kununua kila siku ni jambo jingine. Mwalimu wa madrasa alikuwa akikopa ili ulimi wangu usisumbuke, na asingeniambia kamwe.

Nililipa lile deni. Nikarudi nyumbani nikamwomba mama radhi, kisha nikamwita yule binti, nikamwambia mbele ya bibi yake kwamba nilisema jambo bila ya kulijua na kwamba bibi hakufanya kosa. Usiku ule nikaomba atapa. Bibi akanifundisha: kata tonge dogo, libonyeze kwa kidole gumba, lichovye, kisha limeze bila kulitafuna sana. Na nilipotulia nikatambua ladha ninayoijua. Atapa ile ilikorogwa kwa maji ya ukwaju! Ukwaju huohuo ambao Mombasa tunaufuturia. Nilikuwa nimeikimbia ladha ya nyumbani kwa sababu ya rangi ya ugali.

Busia: mpaka uko wapi?

Kabla ya Idi nilikwenda Busia kutafuta nazi. Busia ni mji wenye jina moja katika nchi mbili. Nilivuka kwa kitambulisho changu cha taifa kupitia kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, nikaingia nchini kwangu Kenya nikitarajia chakula cha kwetu. Sokoni nikakuta ulezi, dagaa wa ziwani, kunde, karanga na muhogo. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia vilevile, na vyungu vyao havijui mpaka. Nilikuwa katika nchi yangu, na bado nilikuwa mgeni wa chakula. Hapo nikafahamu kwamba ugeni niliokuwa naulalamikia haukuwa wa Uganda. Nilikuwa nimeubeba mdomoni mwangu tangu Mombasa.

Nazi niliyoipata ilikuwa kavu na bei yake kali. Nikanunua samaki, nikarudi, nikawapikia kwa karanga za kusaga mahali pa tui, pamoja na ndimu na pilipili. Walikula wote. Bibi alisema pilipili imezidi.

Mpaka wa kweli

Ndugu msomaji asije akadhani nasema kula kila kitu. Baada ya Idi tulikwenda kwa jamaa wa mwenyeji wangu wasio Waislamu. Wazee walizunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwenyeji wangu aliwasalimu mmoja mmoja, akauliza habari za watoto na mashamba, kisha akaketi kwenye kikao cha mbali na chungu. Mbuzi alikuwa amewekwa hai akimsubiri yeye amchinje, kwa sababu jamaa zake wanamjua. Hakuhubiri, hakukunja uso, na hakuna aliyemsukumia mrija.

Ulezi ule ule, nyumbani ni atapa na uji, kule ni malwa. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila kinacholevya ni haramu, na hapo hakuna cha mila wala cha heshima kwa mwenyeji. Lakini niliona kwamba mtu aliyesema "haramu" mara chache, siku alipoikataa alieleweka. Mimi niliyeitumia kwa kila kisichonipendeza, neno langu lilikuwa limekwisha uzito.

Kwa anayekwenda ugenini

1. Kabla ya kukataa, jiulize: ni haramu, kina hitilafu, kinanidhuru mwilini, au sijakizoea? Kila moja lina jibu lake.
2. Ukiwa na shaka ya nyama, uliza kwa adabu na faraghani nani amechinja. Usiulize juu ya sahani.
3. Onja mara tatu kwa siku tofauti kabla ya kusema hukiwezi.
4. Jua chakula chako kinamgharimu nini mwenyeji. Changia mapema, bila ya kusubiri kuombwa.
5. Pika nawe siku moja. Mgeni anayepika huacha kuwa mzigo.

Maswali ya halaqa

Ni chakula gani umewahi kukiita haramu bila ya dalili? Kama mwenyeji anakula jambo lenye hitilafu, tofauti yako na yeye utaieleza vipi bila ya kumvunjia heshima? Na je, sisi tunaopokea wageni hapa chuoni, tumewahi kuwauliza wao wamezoea nini?

Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu katika kula na katika kusema, na awaruzuku wenyeji wetu kila la kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.