Ngozi na Sponji

Zamani wazee wetu wa Singida walilala juu ya ngozi za ng'ombe. Ngozi ilipochakaa ilitupwa jalalani, na baada ya masika kadhaa haikuonekana tena, kwa kuwa imerudi udongoni. Siku hizi watu wengi hulalia magodoro ya sponji. Nayo huchakaa, lakini kipande cha sponji kikifukiwa leo, aweza mtu kukifukua baada ya miaka mingi, nacho kingali sponji. Kwa nini ngozi huoza, na sponji haiozi? Tena, je, yawezekana kufanya sponji iozayo?

Kitu kilichofanya sponji ya godoro huitwa poliurethani. Otto Bayer na wenzake walikivumbua mwaka 1937 katika mji wa Leverkusen, Ujerumani. Hufanywa kwa kuchanganya vitu viwili vya majimaji: kimoja ni polioli, cha pili ni isosayaneti. Chembe za vitu hivi ni kama watoto wenye mikono miwili au zaidi. Zikikutana, hushikana mikono, zikawa mnyororo mrefu. Maji kidogo yakitiwa, hewa hutokea ndani yake, na mchanganyiko huumuka kama unga wa maandazi. Ndiyo sababu sponji ina matundu mengi. Isosayaneti hudhuru mapafu, kwa hiyo wafanyao kazi hiyo hawana budi kujikinga.

Polioli nyingi hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini. Lakini nyingine hutoka shambani. Mwaujua mbarika, mti wenye majani mapana yaliyogawanyika kama vidole. Mafuta ya mbegu zake, yaani nyonyo, yana mikono hiyo tangu asili. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wetu wasifika kwayo, hayana. Sharti yageuzwe kwanza. Lakini jihadharini: mbegu za nyonyo zina sumu kali. Mtoto asizitafune kamwe.

Basi, sponji iliyofanywa kwa nyonyo itaoza? Si lazima. Kuoza hakutegemei kitu kimetoka wapi, bali mafundo yake yamefungwa namna gani. Yako mafundo yaitwayo esta: maji huyafungua polepole, na kuvu na bakteria huyakata kwa vimeng'enya vyao, kisha hula vipande vilivyobaki. Magodoro mengi yana mafundo ya namna nyingine, yaitwayo etha, nayo maji hayayafungui kwa urahisi.

Kwa hiyo wataalamu watakao poliurethani iozayo hutia mafundo mengi ya esta. Wengine hutumia asidi ya maziwa, ambayo yaweza kupatikana kwa sukari ya mahindi. Waganga nao hutumia poliurethani ya namna hii kufunika vidonda vya moto: nyama mpya huota ndani ya matundu yake, nayo huyeyuka kidogo kidogo. Tena mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza kwamba kuvu iliyotolewa katika msitu wa Ecuador yaweza kula poliurethani yenye esta.

Hata hivyo, kitu kiozacho chataka maji na joto, na vijidudu vya udongoni. Wakati wa kiangazi chetu, hata bua la mtama hukaa kavu shambani bila kuoza. Msidhani basi kwamba kitu kiitwacho chenye kuoza chaweza kutupwa popote.

Na godoro kuukuu tulifanyeje? Msilichome, maana moshi wake una sumu iwezayo kuua. Afadhali vipande vizima vishonwe kuwa mito. Naye atakaye kufanya kitu kipya, na aulize kwanza mwisho wake. Wazee walijua mwisho wa ngozi kabla ya kuilalia.

Kazi: Mwanzo wa masika, fukieni jani, kipande cha ngozi na kipande cha sponji. Vifukueni mwisho wa masika, mkaandike mliyoyaona.

Maswali
1. Kwa nini sponji ina matundu?
2. Mafuta ya nyonyo yapitaje ya alizeti kwa kazi hii?
3. Kitu kilichotoka shambani chaweza kukosa kuoza. Eleza sababu.
4. Kwa nini haifai kuchoma godoro?