Ndoo Kichwani: Mazoezi ya Mawazo kwa Mzee Anayeogopa Kuanguka

Mvua zikianza, njia za kijijini huteleza. Tope huganda kwenye ndala, kizingiti hulowa, na bibi aliyewahi kuanguka huanza kutembea akishika ukuta. Wanawe humwambia, "Kaa tu Bibi, tutakuletea." Wanasema kwa upendo, lakini miguu isiyotumika hulegea, na siku atakayoinuka peke yake anaweza kuanguka tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 60.

Akili itangulie

Tunasimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani na nyayo. Umri ukisogea, vyote hivyo hupungua makali. Hata hivyo, mtu akiwaza hatua kwa makini, sehemu nyingi za ubongo zinazoendesha hatua hiyo huamka, ingawa mguu haujanyanyuka. Ndiyo maana wanariadha hutumia mazoezi ya mawazo, na hata waliopata kiharusi hufundishwa. Hayachukui nafasi ya kutembea. Huyatia nguvu mazoezi ya mwili.

Bibi aliyechota maji tangu utotoni ana hazina hapa. Akae kwenye kiti imara, nyayo zikanyage chini, afumbe macho. Akumbuke ngata kichwani, ndoo imejaa hadi ukingoni, majani yanaelea juu ili maji yasimwagike. Ausikie uzito ukishuka kwenye shingo, mgongo ukinyooka wenyewe, kisigino kikitua kabla ya vidole. Asijione kwa mbali kama yuko kwenye picha. Awe ndani ya mwili wake. Atembee hivyo kwa mawazo, toka mlangoni hadi jikoni, akivuka kile kizingiti.

Mjukuu ashike saa. Ikiwa safari ya kweli huchukua dakika moja na ya mawazo imekwisha kwa sekunde kumi, Bibi ameruka hatua. Arudie polepole.

Babu ambaye hakubeba ndoo awaze anavyovuka kijito juu ya mawe, fimbo mkononi, akiwafuata ng'ombe.

Kisha asimame

Asimame kando ya meza nzito, macho wazi, mtu mzima akiwa karibu. Kwanza miguu pamoja, kisha mmoja mbele ya mwingine. Wakati huo asiifikirie miguu, afikirie maji yasimwagike: aliyeelekeza akili nje ya mwili wake huyumba kidogo kuliko anayechunga nyayo zake. Afanye hivyo dakika chache kila siku. Msimtwishe ndoo ya kweli.

Akipata kizunguzungu, aache na kukaa. Anayetumia dawa za presha na kuona giza akiinuka amweleze daktari, asiache dawa mwenyewe. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikwama, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali mara moja.

Usiku

Kabla ya kwenda chooni, mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Aipitie njia yote kichwani: ndala, mlango, ngazi, lile jiwe linalocheza. Asipolikumbuka jiwe, mwambieni lilipo. Na kesho yake lishindilieni.