Maziwa na Kipandauso

Kipandauso ni maumivu makali ya kichwa. Mara nyingi kichwa huuma upande mmoja. Mgonjwa husikia kichefuchefu, na mwanga humsumbua.

Hapa Nguvumali, Tanga, tunakunywa maziwa na mtindi. Baadhi ya watu huona kwamba wakinywa maziwa, kipandauso huanza. Wengi hawadhuriki. Maziwa hujenga mifupa. Usiyaache kwa maneno ya jirani tu.

Tumia daftari lako. Kila kichwa kinapouma andika tarehe, ulichokula, ulichokunywa na ulivyolala. Njaa na kukosa usingizi pia huleta kipandauso. Baada ya miezi miwili, mwonyeshe mganga wa zahanati ulichoandika.

Kichwa kikiuma pamoja na homa, usingoje. Nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Swali: Kwa nini tuandike kabla ya kuacha maziwa?