Kupimwa Pumzi

Twawajua ndugu wa Ngara na Biharamulo wenye pumu ya miaka mingi, waogopao kupimwa pumzi, wakidhani kipimo kitawakaba au kuwahukumu. Tusiwacheke, aliyekwisha kukosa hewa usiku anaijua hofu hiyo. Bali tuwaeleze: mgonjwa huvuta pumzi ijae kifuani, kisha huipuliza kwa nguvu katika mrija mpaka iishe, na chombo huandika kiasi chake. Pengine hupewa dawa ya kuvuta, akapimwa tena baada ya dakika kama 15. Akichoka, hupumzika. Kipimo si hukumu, bali ni taa ya tabibu. Pumzi ni kipawa cha Mungu (Mwanzo 2:7), yatupasa kuitunza. Basi, mwalimu, umsindikize mwenzako.